Fundi wa Uso Huu ni Nani?

Kijana wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, aliyefikia umri wa kupiga kura ana picha mbili ambazo watu humtambua kwazo. Ya kwanza iko kwenye kadi ya mpigakura ya 2023, kadi ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho, kwa kuwa cha taifa hatuna mkononi. Kadi nyingi za mwaka ule zilififia hata kabla uchaguzi wa tarehe 20 Desemba haujafika. Uso ukabaki doa la kijivu, na askari wa kizuizini akiishika huitazama kadi, humtazama mwenyewe, kisha hukubali yaishe. Picha ya pili iko kwenye profaili ya WhatsApp. Huko ngozi ni nyororo na imepauka, pua imepungua, macho yamekua, kidevu kimechongoka. Serikali ilimpiga picha ikamfuta. Simu ilimpiga ikambadilisha. Mwite mwenyewe asimame katikati ya picha hizo mbili: hafanani na yoyote.

Ya kadi tuwaachie wenye tume yao. Mimi nataka tuizungumze ya simu, maana ndiyo vijana wetu wanayoipenda, na ndiyo inayowafundisha kila siku uso mzuri ni upi. Wazee wanaozilaumu filta husema ni tamaa ya vitu vya kigeni. Hapo siwafuati. Kasongo ni mji uliolelewa na vitu vya mbali. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba safari hii ladha ya urembo imetufikia bila kupita mikononi mwa fundi yeyote tunayemjua, tunayeweza kumwambia, "Hapana, hapa umekosea."

Tuanze na historia, kwa sababu wanaoitaja mara nyingi huikata nusu. Mwezi wa Aprili 1893, jeshi la Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, lilipouteka mji wa Kasongo wa zamani, pale panapoitwa Tongoni, daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, alipigwa na butwaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1897 anaeleza vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na atlasi, vyandarua vya hariri, vikombe vya fedha na vya kioo, mishumaa, sukari, na bustani za michungwa na mikomamanga. Mengi ya hayo yalipandishwa kutoka pwani, safari ya miezi, mabegani mwa wapagazi. Walioyalipia kwa kweli ni watu waliouzwa na tembo waliouawa, na hilo lisisahauliwe tunapojisifia ustaarabu wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu. Lakini jambo lenyewe liko wazi: zaidi ya miaka 130 iliyopita, kijana wa Kasongo aliyetaka kuonekana mzuri alitazama Unguja.

Ndiyo maana methali ya "mwacha mila ni mtumwa" hunichekesha inapotamkwa katika mji huu. Wengi wa mababu wa Kasongo walivaa kanzu na kofia, wakajifunza Kiswahili, wakaingia msikitini, hasa ili wahesabiwe kuwa wangwana na wasihesabiwe kuwa watumwa. Kwao, kuacha mila ndiko kulikowapandisha daraja. Baadaye Mobutu akaja na vazi la abacost, na baba zetu wakavua tai. Kisha mwanamuziki Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu, hapo Sankuru kwa jirani zetu, akawafundisha vijana wa nchi nzima kwamba suti ya Paris au ya Tokyo ni suala la heshima, hata kama aliyeivaa hajala. Vikwembe vyenyewe ambavyo mama zetu hutandika sandukuni kama mali ya ukoo vilianza kwa Waholanzi kuiga batiki za Java. Nani basi atasimama Kasongo aseme kipya kimeanza leo?

Lakini vyote hivyo vilipita mikononi mwa mtu. Mama akinunua kikwembe, hukipeleka kwa fundi. Ukutani kwa fundi kuna kalenda kuukuu yenye modeli za wanawake wa Kinshasa na Abidjan. Mama ananyoosha kidole: nataka ule. Fundi anamtazama mabega, anamtazama kiuno, anasema, "Mama, mkono ule hautakukaa, tuufungue kidogo." Wanabishana. Bei inapanda, inashuka. Siku ya kwenda kujaribu, nguo inabana. Inafumuliwa, inashonwa upya. Nguo inayotoka pale ni ya Abidjan kwa asili yake, ila mwili wa Kasongo umeshaikata ukaipa umbo lake. Fundi wa nywele ni vilevile: anakwambia kichwa chako kinabeba msuko gani na hakibebi upi. Ladha ya mbali ilifika, ikajadiliwa, ikapunguzwa hapa, ikaongezwa pale. Tulikuwa tunakopa bila kujiuza.

Filta haina mjadala huo. Hebu tuifuatilie inavyofanya kazi. Ukiielekeza simu usoni, programu hutafuta macho, pua, midomo na mstari wa taya, kisha huweka alama nyingi ndogondogo na kuziunganisha kuwa wavu usiouona. Wavu ule ukishakukaa, programu huuvuta: huku inapanua, kule inabana. Halafu inasawazisha ngozi, yaani kila mahali palipo na tofauti ya rangi, rangi za jirani zinachanganywa hadi tofauti ife. Mwisho inaongeza mwanga. Kazi hii huisha kabla hujapepesa jicho, na hurudiwa kila unapogeuza kichwa. Snapchat ilianza kuwapa watu wote mchezo huu mwaka 2015. Mwaka 2023 TikTok ikaleta filta ya Bold Glamour, ambayo haikutoka usoni hata mtu akijipitishia mkono. Wavu wa zamani ulikuwa ukiteleza ukaonekana, filta hii mpya haikuteleza. Fundi gani wa Kasongo angethubutu kukata suti moja na kuwavisha watu wote wa mji, wanene kwa wembamba, halafu asiseme alikopata kipimo?

Kipimo hicho kina mahali kilikotoka. B612 ni programu ya Korea Kusini. BeautyPlus ni ya kampuni ya Meitu, kutoka mji wa Xiamen, China. Snapchat na Instagram ni za California. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ilitoa filta iliyoahidi kumfanya mtu avutie zaidi, na watu weusi walioijaribu wakajikuta wamegeuzwa weupe. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akaeleza kwamba mashine ilifundishwa kwa picha zisizo na uwiano. Maelezo yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo yanayotisha. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba uso wa Mbangubangu wa Kabambare una kasoro. Ni kwamba uso huo haukuwa miongoni mwa nyuso ambazo mashine ilionyeshwa ilipokuwa ikijifunza maana ya uzuri.

Na hii si mara ya kwanza kamera kutusahau. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe. Akitoka vizuri yeye, basi mashine iko sawa. Sisi tulitoka meno na macho tu. Kodak ilianza kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hapo sifa zinawastahili Wachina wa Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix, simu zilizojaa mikononi mwa watu wetu. Wao walikaa chini wakajifunza kupima mwanga kwenye ngozi nyeusi, na ndiyo sababu mojawapo simu zao zikaipenda Afrika nayo Afrika ikazipenda. Leo simu ya bei nafuu inaweza kumpiga bibi yako kibarazani jioni, na mikunjo yake yote ikaonekana. Tatizo ni kwamba simu hiyohiyo, ukiigeuzia kamera ya mbele, ina kitufe cha urembo, na mara nyingi kitufe hicho kimeshawashwa kabla hujakigusa. Mkono mmoja wa simu umejifunza kutuona, mwingine unatufuta.

Tazama kwa karibu vinavyofutwa. Kusawazisha ngozi huondoa chunusi, sawa, nani anazililia? Lakini mashine haijui chunusi ni ipi na alama ya sijda kwenye paji la uso wa mzee ni ipi. Kwake zote ni doa. Inaondoa chale. Inaondoa baka la kuzaliwa ambalo shangazi alikutambua nalo uliporudi baada ya vita. Inang'arisha meno hadi yanakuwa utepe mmoja mweupe na mwanya unaanza kupotea, mwanya ambao kwetu mwanamke husifiwa kwa kuwa nao, na wako wanaotamani wangezaliwa nao. Inalainisha mikunjo ya shingo. Inabana mashavu, katika nchi ambapo kumwambia mtu "umenenepa" bado ni njia ya kumwambia mambo yako ni mazuri. Kila kitu kilichokuwa na jina katika sifa zetu za uzuri, mashine imekipokea kama kosa la kusahihishwa.

Jirani zetu Walega wa Pangi walikuwa na shule nyingine ya kuona. Katika chama chao cha bwami, ambacho Wabelgiji walikipiga marufuku, mtu alipanda ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi alionyeshwa vinyago vya mti na vya pembe akifundishwa maana yake kwa methali, ngoma na mchezo. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyeishi nao miaka ya 1950, alieleza kwamba kwao uzuri na wema havikutenganishwa. Kinyago kilipakwa mafuta, kikashikwa na mikono ya vizazi, na ule mng'ao wa kushikwashikwa ulikuwa sehemu ya thamani yake. Jicho la kijana lilifundishwa na watu wenye majina, waliojibu maswali, na lilifundishwa kupenda alama za umri. Sisemi turudi bwamini. Nasema ladha ni elimu, na kila elimu ina mwalimu. Kijana anayejitazama kwenye filta mara nyingi kwa siku naye yuko darasani. Tofauti ni kwamba mwalimu wake hana mdomo wa kuulizwa.

Kabambare imewahi kupimwa na mgeni kabla ya mashine. David Livingstone alikwama pale, wakati huo akipaita Bambarre, kuanzia Julai 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, miguu yake ikiwa na vidonda. Katika shajara zake aliandika kwamba kwa umbo la kichwa na la mwili angewaweka wanaume wa Manyema washindane na chama kizima cha wanaanthropolojia wa London, na wa Manyema wangeshinda. Sifa tamu, na wapo watakaoifurahia. Lakini kipimo kilikuwa mkononi mwake. Aliyekusifu jana kwa rula yake ndiye atakayekukosoa kesho kwa rula ileile. Swali la msingi ni nani anashika rula, na sisi kwa muda mrefu tumeliacha bila kuliuliza.

Baadhi watasema ninakuza jambo: picha ni picha, mtu anacheka, anafuta, maisha yanaendelea. Kama yangeishia kwenye picha, ningenyamaza. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa urembo huko Marekani na Uingereza walianza kupiga kelele kwamba wagonjwa hawaji tena na picha za waigizaji. Wanakuja na picha zao wenyewe zilizopitishwa kwenye filta, wakitaka wafanane nazo. Kasongo hatuna daktari wa kuchonga pua. Tuna krimu. Zimepangwa sokoni kando ya sabuni na biskuti, bei yake mtu yeyote anaweza kuimudu, na maandishi yake msomaji hayaelewi. Msichana aliyezoea kujiona amepauka kwenye statu, akipata sifa na mioyo myekundu, siku moja atakutana na kijana aliyemjua kwa picha hiyo. Afanye nini siku hiyo? Filta haiwezi kutembea naye hadi kwenye harusi ya binamu yake. Krimu inaweza.

Na krimu hizo zina mambo yake. Baadhi zina hydroquinone, baadhi zina dawa kali za steroidi, na baadhi zina zebaki. Wakazi wa Kabambare hawahitaji kufundishwa zebaki ni nini: katika machimbo ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo wachimbaji wadogo huimwaga kwenye mchanga ili ikusanye punje za dhahabu, kisha huichoma moshi ukapaa. Zebaki hiyohiyo ikipakwa mwilini huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, huku ikienda kuharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa ifikapo 2025. Rwanda iliwatuma polisi kuziondoa krimu za kujichubua madukani tangu mwishoni mwa 2018. Kwetu, mkataba hausimami kizuizini kwenye barabara ya Kabambare.

Wavulana nao wasijifiche nyuma ya dada zao. Mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila aliyekaa shimoni wiki nzima, macho mekundu, vumbi hadi kwenye kope, naye akipata mega za intaneti anapiga picha, anajisafisha kwa kidole, anaituma. Huyohuyo ndiye anayetembeza kidole kwenye picha za wasichana na kusema yule mweupe ndiye mzuri. Tukimwonya msichana aache krimu huku tukimwacha kijana achague mchumba kwa rangi ya statu, tumemlaumu mnunuzi na kumsahau aliyetangaza bei.

Hata hivyo, filta lazima isikilizwe upande wake pia, maana ina utetezi mzuri. Kwanza ni bure, au karibu na bure. Fundi anataka franga, msuko unataka franga, kikwembe kinataka franga nyingi. Kijana ambaye barabara yake hukatika masika, ambaye familia yake imekimbia bunduki zaidi ya mara moja, ana haki ya kujiona ametulia na kupendeza walau kwa sekunde chache. Pili, tamaa ya kupendezeshwa kwenye picha haikuanza na simu. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako aliwaazima wateja wake saa, redio na suti. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha hadi watu wakatokea pasipowezekana. Studio za miji yetu nazo zilitundika pazia lenye ndege au bahari, na mtu ambaye hajawahi kuiona bahari akapigwa picha ufukweni. Hakuna aliyedhurika.

Nakubali yote hayo. Ila tuitazame tofauti. Pazia la studio liliibadilisha dunia iliyo nyuma yako na kukuacha wewe ulivyo. Filta inaiacha dunia ilivyo na kukubadilisha wewe. Na mpiga picha wa studio alikuwa jirani. Alikuinua kidevu kwa kidole, akakwambia geuka kidogo, upande huu ndio wako. Aliutafuta uso wako hadi akaupata. Ukiikataa picha, ulimrudia mlangoni kwake.

Sasa tufanye nini? Wako wanaongoja sheria. Norway tangu 2022 inataka matangazo yenye miili iliyochezewa yawekwe alama, na Ufaransa ilipitisha sheria inayofanana na hiyo kwa wanaouza kupitia mitandao mwaka 2023. Mwishoni mwa 2024 TikTok ilitangaza kuwazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya filta za kubadili sura. Januari 2025 Meta iliondoa kwenye Facebook na Instagram filta zilizotengenezwa na watu wa nje. Ni hatua njema, lakini mtoto wa Kasongo anapoandika umri kwenye akaunti, huandika anaoutaka, na filta iliyofungwa hapa hufunguka kwenye programu nyingine iliyotumwa kwa Xender. Tukingoja Kinshasa itukinge na kioo cha simu, tutangoja sana.

Kazi iliyo ndani ya uwezo wetu ni kuwarudisha mafundi kati ya kijana na uso wake. Wapiga picha wa Kasongo na Kabambare, ninyi wenye kamera za harusi na vibanda vya kuchapisha: siku hizi wengi wenu mnamlainisha mteja kwenye kompyuta kabla hajaomba. Acheni. Jifunzeni mwanga, wa asubuhi na wa jioni, ambao ngozi yetu huupenda kuliko taa ya usoni, na mwonyesheni mteja kwanza uso wake ulivyotoka. Akitaka kubadilishwa, aseme mwenyewe nini kibadilishwe. Walimu, chukueni somo moja tu: pigeni picha ya mwanafunzi anayekubali, ipitisheni kwenye filta mbele ya darasa, kisha waulizeni wanafunzi wataje kimoja kimoja kilichoondolewa, na nani aliamua kiondoke. Watoto wakishaweza kukitaja kilichofutwa, hawatadanganywa kirahisi. Wasichana na wavulana, chezeni. Masikio ya mbwa na maua kichwani hayamuui mtu. Ila zimeni kile kitufe cha urembo kwenye kamera ya mbele, kiwe kitu mnachokiwasha kwa kutaka, kisiwe kitu mnachokikuta.

Na kwenu wazazi, nina ombi moja la haraka. Katika misiba ya siku hizi, familia inapotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza au kuchapisha kwenye fulana, hupekua simu ya marehemu na kukuta mamia ya picha, zote za mtu mwingine. Mama anazitazama, anasema, "Huyu si mwanangu." Msisubiri hadi siku hiyo. Wiki hii, mpelekeni kila mtoto kwa mpiga picha, apigwe picha moja isiyoguswa, yenye mwanya wake, baka lake na rangi yake. Ichapisheni kwenye karatasi, mwandike tarehe nyuma, muihifadhi.